Kundi la Pili

Vikaratasi vilikuwa arobaini, na Silvesta ndiye aliyevikata, akaviandika na kuvikunja. Ishirini viliandikwa moja, ishirini vikaandikwa mbili. Dokta Langford akavua kofia yake ya jua, akavitia humo, akaitikisa kama mtu apepetaye choroko, kisha akamwambia Silvesta aite majina. Wanaume waliopanga foleni mbele ya kiwanda cha mbao cha Lisekese, wengi wao wameteremka jana yake tu kutoka uwanda wa juu, Newala na vijiji vyake, walidhani ni bahati nasibu. Mmoja akauliza mshindi anapewa nini. Silvesta akamjibu kwamba hakuna mshindi, na katika miezi yote aliyofanya kazi na yule Mzungu, hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyoyatamka.

Langford alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilifuata swali moja tu: mtu mpya kazini huizoeaje kazi? Alikwisha kuandika juu ya wasichana wa kiwanda cha biskuti, akaandika juu ya wachimba makaa na makondakta wa mabasi. Sasa alitaka Waafrika, na baada ya hapo, alisema mwenyewe bila haya, atapewa uprofesa. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kundi la kwanza lingefundishwa siku tatu na fundi mkongwe: nini kishikwe, nini kisishikwe, ruhusa inaombwaje, posho inachukuliwa wapi. Kundi la pili lisingeambiwa kitu. Lingepewa kazi tu, na kwa siku tisini Silvesta angesimama kando na daftari akiandika nani kajifunza, nani kaugua, nani katoroka. Utafiti mzuri, sikatai. Ubaya wake huuoni mpaka uwe mmoja wa wale arobaini.

Silvesta alikuwa ameacha ualimu wa misheni kwa ajili ya kazi hiyo, na aliiacha kwa sababu moja. Langford alimwahidi barua. Siku tisini zikiisha salama, barua ingekwenda kwenye chuo kikuu kule Kampala, na mtoto wa mkulima wa Chilangala angeingia darasani kusoma elimu hiyohiyo ya Langford, arudi naye ni mtafiti, mwenye kofia yake na msaidizi wake.

Jina la thelathini na moja lilipoitwa, kijana mrefu mwenye shati la kuazima alichomoa kikaratasi, akakikunjua, akakiinua juu kama alivyoagizwa. Mbili. Silvesta akaandika: Fikirini, namba 31, kundi la pili. Aliandika kwa hati nzuri, maana hakuna aliyepaswa kujua kwamba namba 31 alikuwa ndugu wa tumbo moja na mke wake.

Sharti lilikuwa wazi tangu mwanzo: ndugu wa msaidizi haruhusiwi kuwamo katika utafiti. Lakini Veridiana alikuwa amemwomba mumewe wiki tatu mfululizo amtafutie Fikirini kazi, na aliomba kwa akili, mara moja tu kwa siku, wakati wa kumnawisha mikono. Fikirini alikuwa ndugu yake pekee wa kiume. Kwa watu wao mjomba si mgeni wa sikukuu. Watoto wa dada ni wake. Yeye ndiye husemwa nao wakikosa, na yeye ndiye huulizwa wakiposwa. Josephina wa miaka mitano na Nikolao aliyekuwa bado ananyonya walihesabiwa kuwa wa Fikirini kabla hawajahesabiwa kuwa wa Silvesta. Basi Silvesta alimtia kwenye orodha, akanyamaza.

Kilichomshangaza Fikirini pale Lisekese si injini, ni maji. Kwao Chilangala mama yake, Bibi Mwanaisha, alishuka mteremko mzima na kuupanda tena kwa ajili ya mtungi mmoja, na mtu akinawa uso alikumbushwa abakishe ya kupikia mboga. Hapa kisima kilikuwa nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Jioni ile alijimwagia miguuni ndoo nzima, akacheka peke yake. Veridiana alimwacha amwage.

Walipokaa kula ugali wa muhogo na kisamvu, Fikirini alianza kuuliza. Kesho aanze na nini? Mnyapara huamkiwaje? Ndani ya lile banda la msumeno mna kitu cha kuogopwa? Silvesta alimega tonge, akalitafuna mpaka likaisha.

"Kazini usiniite shemeji," alisema. "Niite mwalimu, kama wengine. Ukinikuta na Mzungu, pita."

"Nipite bila kukuamkia?"

"Niamkie. Halafu upite."

Fikirini akamtazama dada yake, akarudisha macho kwa Silvesta. "Haya, shemeji. Wewe ndiye unayejua."

Hayo hayakuwa maneno ya adabu tu. Fikirini alipotiwa jando, miaka kumi na mmoja nyuma, Silvesta ndiye aliyekuwa mlezi wake. Ndiye aliyelala kando yake, akamlisha kwa mkono, akasimama kati yake na wakali wa kule porini, akamfundisha kwa macho lini ajibu na lini asijibu. Mlezi akiona baya husema. Akinyamaza, mwari, yule anayetiwa jando, anaendelea. Mtu wa kule hamsahau mlezi wake. Hata akiota mvi, akiwa mbele za watu na jambo limemtatiza, humtafuta kwanza yeye kwa macho. Silvesta alilijua hilo vizuri kuliko alivyomjua Langford, na aliendelea kula.

Fikirini alipotoka kwenda kukaa barazani, Veridiana alimwambia mumewe kwamba hakumjibu mtoto wa watu hata swali moja. Silvesta akamweleza habari ya makundi mawili. Veridiana akasema hayo ni mambo ya kiwandani, hapa ni nyumbani, nani atajua kilichosemwa nyumbani? Silvesta akasema Dokta atajua. Kila Alhamisi huwaita watu wa kundi la pili mmojammoja na kuwauliza: hili nani alikuambia, na hili umelijuaje? Naye Fikirini hajui kusema uongo. Akiulizwa atasema shemeji yangu ameniambia, tena kwa furaha, na hapo undugu umejulikana, barua imekwenda na maji, na miezi saba ya kubeba daftari imepotea.

Veridiana alifikiri kidogo akikwangua chungu. "Na wewe ukirudi kutoka Kampala, utakuwa ukiwauliza watu hivyohivyo, wamezoea au hawajazoea?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi hiyo," Veridiana alisema, akaendelea kukwangua.

Haikupita wiki Langford akapata jina. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi saba, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa umezoea. Alimuuliza mtu anayesukuma gogo, alimuuliza mtu anayejikuna, na siku moja alimuuliza mtu aliyekuwa akitoka chooni. Wakamwita Bwana Umezoea. Mwenyewe alisikia, akapendezwa, akaliandika kwenye daftari lake.

Kundi la kwanza liliizoea kazi upesi. Kundi la pili lilizoea kuchekwa. Fikirini alitumia choo cha wanyapara kwa kuwa hakuna aliyemwambia kina wenyewe, akakatwa ujira wa nusu siku. Jumamosi ya kwanza alipanga foleni ya posho kwenye dirisha la vipuri, akasimama pale peke yake saa nzima watu wakimpita na unga wao. Alipanga mbao bila vijiti vya kutenganisha, mnyapara akampangulisha rundo zima mbele ya wenzake, halafu akampangisha tena, halafu akalipangua kwa mguu. Silvesta alikuwepo. Alitazama saa, akaandika: dakika arobaini na tano, hakulalamika.

Kila asubuhi Fikirini alipomkuta amesimama na Langford aliinama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akapita. Jioni, nyumbani, alikula kwenye sahani moja na mtu huyohuyo na kumsimulia yote upya, kana kwamba Silvesta hakuyaona. Hakuwa na kinyongo. Alidhani shemeji yake ana sababu, na sababu za mlezi haziulizwi.

Wiki ya tatu, kwa mpango wa Langford, watu watano wa kundi la pili walihamishiwa kwenye banda la msumeno. Mkubwa wa banda alikuwa Basil, mzee wa Chiungutwa aliyepigana Burma na kurudi na Kiingereza cha makamanda na sikio moja linalosikia. Msumeno wenyewe ulikuwa wa duara, upana wake kama ungo, ukiendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda mrefu wa ngozi. Chini ya meza yake unga wa mbao ulijaa mara tatu kwa siku, na ulizolewa kwa mikono injini ikishazimwa. Hapo ndipo penye hatari ambayo mgeni hawezi kuibuni. Injini ikizimwa, kelele hukatika yote kwa pamoja, na banda huwa kimya mtu akasikia pumzi zake. Lakini msumeno bado unazunguka. Huzunguka dakika mbili, tatu, bila sauti, kwa kasi ambayo jicho linaona kitu kilichosimama. Kundi la kwanza liliambiwa hilo siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote.

Basil alimfuata Silvesta nyuma ya rundo la magogo. Alisema ameshika amri, kundi la pili hajalifungulia mdomo, hata vijana wake wa zamani amewakataza. Lakini la msumeno si la kukatazwa.

"Kupanga mbao wataona aibu, watajifunza," alisema. "Hili mtu hajifunzi mara mbili. Nenda kamwambie Bwana wako."

Silvesta alikwenda, haki yake apewe. Langford alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba jambo hilo linaugusa moyo wake. Kisha akamwonyesha jedwali. Kundi la pili likiambiwa moja, kwa nini lisiambiwe la pili na la tatu? Halafu atapima nini? Isitoshe mtu mpya huwatazama waliomtangulia na kufuata, hilo amelithibitisha kwa makondakta. Alimpiga Silvesta begani, akamwambia kwamba ameanza kuiandika ile barua ya Kampala, bado aya ya mwisho, ile ya kumsifu kwa uaminifu.

Jioni ile Silvesta alikaa na Fikirini barazani, na mara mbili alikohoa kama mtu atakaye kuanza neno. Fikirini alikuwa amempakata Josephina, akimfundisha kuhesabu vidole: kidole cha kwanza, cha pili. Silvesta aliona afadhali angoje. Siku moja haiui, alijisemea. Kesho Ijumaa, banda halina kazi nyingi.

Ijumaa saa sita injini ilizimwa. Basil alikuwa ameitwa ofisini kwa Meneja kuhusu mkanda mpya. Mnyapara aliyemshikia nafasi alinyoosha kidole chini ya meza, akamwambia Fikirini azoe unga haraka watu wakale. Watu wa kundi la kwanza walikuwa wamekwisha kutoka. Hapakuwa na aliyetangulia wa kutazamwa. Silvesta alisimama hatua nne kutoka hapo na daftari lake. Katika daftari palikuwa na safu moja Langford aliyoipenda sana, ya kuandika kama mtu mpya, akipewa kazi asiyoijua, anasita au hasiti.

Fikirini alipiga magoti. Akatazama chini ya meza, akaona chuma kimesimama, kimya. Kitu fulani hakikumpendeza. Labda ni upepo mdogo uliomgusa uso. Akasita. Akainua kichwa akamtafuta Silvesta, akamwona, akamkazia macho. Hakuwa na haraka. Alikuwa akingoja.

Silvesta alifungua kinywa. Mlangoni alikuwa amesimama Langford, saa mkononi.

Akateremsha macho kwenye daftari, akaandika: amesita.

Hakusikia ukelele. Alisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja muhogo, ndipo alipoinua macho. Fikirini alikuwa amekaa chini, akiushangaa mkono wake wa kulia ambao haukuwepo tena kuanzia kifundo. Hakulia. Alijaribu kuusogeza unga wa mbao kwa mguu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Basil aliingia mbio, akavua shati lake akamfunga nalo. Langford alikuwa mweupe kama chokaa, lakini alichomuuliza Silvesta kwa Kiingereza ni kama amepata kuandika saa.

Hospitali ya misheni ilimpokea, ikamshona, ikamrudishia uhai. Veridiana alishinda pale na Nikolao mgongoni. Bibi Mwanaisha alifika siku ya pili kwa miguu kutoka Chilangala, akaugusa ule mkono uliofungwa kitambaa, akaurudisha juu ya shuka polepole, akaenda kukaa nje ukutani. Silvesta alipoingia, Fikirini alijaribu kunyanyuka amwamkie.

"Nilikutazama, shemeji," alisema. Hakuwa akimlaumu, alikuwa akimweleza jinsi ilivyokuwa. "Niliona umenyamaza, nikajua pana usalama. Kumbe na wewe ulikuwa hujui."

Silvesta alisema ndiyo. Alisema, na yeye alikuwa hajui.

Siku ya kumi akaja ofisa wa kazi wa serikali kuchunguza. Alikuwa kijana, miezi miwili tangu ashuke melini, Kiswahili chake hakijavuka salamu. Naye alikuwa mgeni kazini, ila hakuna aliyekuwa akimwandika kwenye daftari. Kabla hawajafika hospitalini Langford alimvuta Silvesta kando. Alimwambia kwa upole kwamba iwapo itaandikwa kuwa yule mtu aliachwa bila kuonywa, utafiti utafungwa siku hiyohiyo, na hapatakuwa na kitabu, wala barua, wala uprofesa. Tena amesikia, alisema, kwamba namba 31 hulala nyumbani kwa Silvesta. Hakutaka kujua kwa nini.

"Sikuombi useme uongo," alisema. "Nakuomba uwe mwangalifu na maneno."

Walikaa kwenye baraza ya hospitali: ofisa na karatasi zake, Langford, Meneja, Basil aliyeitwa kama shahidi, na Fikirini kwenye kiti cha kamba. Silvesta alisimama katikati kutafsiri. Fikirini alikuwa dhaifu, akaomba aseme Chimakonde, Kiswahili kilikuwa kinamchosha. Ofisa akakubali, maana kwake zote zilikuwa lugha moja.

Ofisa aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyemwambia kwamba msumeno huzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Silvesta alilitafsiri swali hilo sawasawa, neno kwa neno. Fikirini akajibu kwamba hapana, hakuna aliyemwambia, wala mnyapara, wala fundi, wala mtu yeyote. Kama angeambiwa asingetia mkono, maana yeye si mwendawazimu. Alisema hivyo, kisha akamgeukia Silvesta na kungoja maneno yake yavuke.

Silvesta akayavusha. Kwa Kiingereza safi cha misheni alimwambia ofisa: anasema aliambiwa, lakini alisahau.

Kalamu ya ofisa ikaandika. Langford alikuwa akitazama bustani. Basil, aliyezijua lugha zote mbili, alimgeuzia Silvesta sikio lake zima, kama mtu asiyeamini alichosikia, kisha akamtazama Meneja wake, akakumbuka wajukuu sita wanaokula kwa ile kazi. Ofisa alipomuuliza kama ana la kuongeza, alisema hana. Naye namtaja, asidhani kunyamaza kwake hakuhesabiwi.

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Kampuni haidaiwi fidia. Meneja, kwa huruma yake, alitoa nauli ya lori mpaka Newala na blanketi moja la kijivu. Silvesta ndiye aliyemtafsiria Fikirini. Alimwambia kwamba Wazungu walikataa katakata kutoa chochote, na kwamba blanketi na nauli vimepatikana baada ya maneno mengi. Fikirini akauliza ni nani aliyesema maneno hayo. Silvesta hakujibu, na Fikirini, kama kawaida yake, akajijibu mwenyewe.

Barua ilikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Langford alimkabidhi nakala yake kwa mkono, akamwambia nyingine imekwisha kwenda Kampala. Kuhusu namba 31, alisema, yeye na Meneja wamekubaliana aandikwe miongoni mwa walioacha kazi kabla ya kuzoea. Hesabu haitaharibika sana. Silvesta alirudi nyumbani na barua mfukoni, akiwa ameisoma mara tatu njiani. Ilikuwa barua nzuri. Aya ya mwisho ilisema kuwa mwenye barua hii ni mtu ambaye uaminifu wake umepimwa. Furaha aliyoiona ilikuwa furaha kweli, nayo ilimtia hofu, maana alidhani isingekuja.

Veridiana alikuwa uani akitwanga. Hakusimamisha mchi alipomwona.

"Basil alipita hapa asubuhi," alisema.

Silvesta alikaa kwenye kinu cha zamani kilichopinduliwa. Alianza kumweleza habari ya ofisa, habari ya Langford na vitisho vyake, jinsi ambavyo hata kama angesema kweli kampuni ingetafuta njia nyingine. Veridiana alimsikiliza huku akitwanga. Alipomaliza, aliegemeza mchi ukutani, akajifuta unga mikononi.

"Mkono huo ndio ungelima shamba la wanangu ukishakufa wewe," alisema. "Sitakufukuza, nyumba ni yako. Sitamwambia mama, maana atakufa, wala sitamwambia ndugu yangu, maana hana kingine kilichobaki ila kukuamini. Kesho wanakuja kuaga kabla ya lori. Wanakuja kukushukuru. Utawaambia mwenyewe, au utashukuriwa."

Walikuja asubuhi. Bibi Mwanaisha alitangulia, amejifunga kaniki mpya ya kuazima, na Fikirini nyuma yake na lile blanketi begani. Kuku alikuwa amefungwa miguu kwa ugwe. Bibi kizee huyo alikuwa amepeleka neno kwao aletewe mtetea wake wa pekee anayetaga, akamsubiri siku tatu. Hakuketi. Alipiga goti mbele ya mkwewe, jambo ambalo si desturi ya mama mkwe, Veridiana akageuza uso.

Alisema ukoo umesikia. Ukoo umesikia kwamba mtoto wao alipokuwa hana kinywa mbele ya Wazungu, alikuwepo mtu wa kumsemea. Wangekuwa na ng'ombe wangeleta ng'ombe. Tena wamesikia kwamba Baba Josephina anakwenda masomoni Kampala. Mungu amtangulie, na Fikirini atawatazama watoto kadiri atakavyoweza. Maneno hayo aliyasema taratibu, kwa Kiswahili alichokifanyia mazoezi njiani ili amheshimu msomi.

Silvesta alisimama. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na alipovuta pumzi ilisikika ikikwaruza. Alimtazama Veridiana mlangoni. Veridiana alimtazama vilevile, bila hasira, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Mara moja tu neno lilipanda mpaka kwenye ulimi wa Silvesta; mimi nasema lilipanda kweli, sitaki kumwonea. Kisha Fikirini akasogea mbele kumkabidhi kuku.

Alinyoosha kwanza ule wa kulia, kwa mazoea, kile kigutu kikatoka ndani ya blanketi na kitambaa chake. Akakiona. Akakirudisha haraka na kuinamisha kichwa kwa aibu, kama mtoto aliyekosa adabu mbele ya mkubwa wake, akamchukua kuku kwa mkono uliobaki.

"Unisamehe, shemeji," alisema. "Nakupa kwa mkono wa kushoto."

Silvesta alipokea kwa mikono yote miwili, kama heshima inavyotaka, akamwambia haina neno.